Kichanja cha Nassoro

Habari za kufa kwa Injinia Nassoro zilinikuta barazani nikichambua choroko, na nitasema ukweli tangu mwanzo: niliendelea kuchambua. Ujumbe ulisema amefariki alfajiri huko Tanga, analetwa nyumbani Singida, maziko ni kesho yake alasiri. Niliusoma mara mbili. Kisha nikatoa kijiwe kwenye ungo, nikakitupa uani, nikatafuta kingine. Binti yangu alikuwa anaanua nguo, akauliza, "Mama, nani amekufa?" Nikamwambia ni Injinia Nassoro. "Yule wa kichanja?" Huyohuyo. "Utaenda?" Nikamjibu kwamba nitaenda kuhakikisha. Akaguna, akaingia ndani na nguo zake. Mimi nikabaki nacheka peke yangu, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Watu wa rika langu wana mambo mengi ya kukumbuka, ndoa, uzazi, magonjwa. Mimi nina mwaka mmoja tu ambao sijaweza kuumaliza, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na nikamfanyia kazi mtu aliyeamini kwamba akili ilianzia pwani na kwamba ilipofika Manyoni ilikuwa imeshachoka.

Nassoro alikuwa mtoto wa hapahapa mjini, kwao nyuma ya soko. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka pwani na marobota ya nguo. Lakini ukimsikia anavyosema "sisi watu wa bahari", ungedhani ametoka kuogelea jana. Alikuwa amesoma uhandisi nje ya nchi, akarudi na wazo moja, na wazo lenyewe, kwa uchungu wangu wote, lilikuwa zuri. Alisema kule pwani mawimbi yanakula fukwe, watu wanajenga kuta za mawe kwa gharama kubwa na bahari inazila kuta pia. Yeye alitaka ukuta unaoelea, boma la mapipa lililoshikwa na minyororo chini, liyavunje mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Na kwa kuwa wimbi likivunjwa nguvu yake inapotea bure, alitaka upande wa mbele wa boma uwe na mikono ya chuma yenye maboya, inayopanda na kushuka na mawimbi, na kule kupanda na kushuka kuzungushe jenereta. Chombo kimoja, kazi mbili: kulinda na kuvuna. Kabla ya kukipeleka baharini alihitaji kukijaribu kikiwa kidogo, na Ziwa Singidani lilimfaa. Upepo wake wa kiangazi hauna adabu, maji yake ya chumvi yanakula chuma vilevile, na mawimbi yake yanayogonga magoti yalitosha kwa mfano. Isitoshe, kwa dada yake Zuhura alilala na kula bure.

Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea, mwanamke pekee mjini aliyeshika kazi hiyo wakati ule, na watu walikuwa wanasimama mlangoni kunitazama kama naonyesha sinema. Nassoro alikuja siku moja, akachukua geti nililokuwa nimelimaliza, akapitisha kidole chake kwenye maungio taratibu, hata akanusa. Akasema, "Nina kazi ya mwaka mzima. Ikifanikiwa, tunashuka nayo pwani, na wewe ndiye fundi mkuu." Sikuwa nimewahi kuiona bahari. Nilifunga karakana yangu wiki ileile. Kwa hiyo msije mkadhani nilikwenda kwa kulazimishwa au kwa njaa. Nilikwenda kwa sababu niliitaka ile safari kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na mtu aliyeishika safari hiyo mkononi alikuwa yeye.

Tulifanyia kazi kwenye ghala la uani kwa Bi Zuhura, ambalo zamani liliwekwa mashudu ya alizeti. Harufu ya mashudu haikutoka humo hata siku moja. Mapipa yenyewe ya plastiki yalikuwa yamebeba mafuta ya alizeti, na nilipochomelea fremu karibu nayo ghala zima lilinukia vitumbua. Tulikuwa wachache: mimi, vibarua wawili wa mjini na Mzee Petro, seremala wa Itigi, aliyezeeka akichonga mizinga ya nyuki na kuipandisha mitini. Yeye ndiye aliyefunga kila kilichohitaji kufungwa. Watu waliopita ziwani walipoona mapipa yamepangwa safu mbili na mbao juu yake, wakasema ni kichanja cha kuanikia vyombo, na jina likakaa. Nassoro alilichukia. Kila aliyesema "kichanja" alipewa somo la dakika kumi. Saa saba mchana sisi tulikula ugali wa mtama na mlenda chini ya bati la ghala, na yeye alikula sebuleni, pilau ya dada yake, mlango wazi ili harufu isitukose. Siku moja alipita, akachungulia bakuli letu, akauliza kama mlenda ule unaliwa au unapakwa. Vibarua walicheka. Mzee Petro akasema, "Onja kwanza, Injinia, ndiyo utukane." Hakuonja.

Ukuta wa ghala na sebule haukufika hadi kwenye bati, na mtu akizungumza upande wa pili ulimsikia kama yuko begani kwako. Mwezi wa nane nilikuwa humo natafuta pakiti ya vijiti vya kuchomelea nikamsikia Bi Zuhura anauliza kwa nini yule binti hali chakula ndani pamoja na watu wa nyumbani. Nassoro akasema, "Ale na vibarua. Mkono anao, dada, siwezi kusema uongo. Lakini ni mkono tu. Ukimtoa kwenye chuma ni sawasawa na kuongea na punda." Bi Zuhura akasema, "Astaghafirullah, Nassoro!" Naye akajibu, "Si namsifu? Kwani punda hafanyi kazi?" Akacheka. Nilisimama na vijiti mkononi mpaka kikao chao kikaisha. Nimesikia matusi makubwa zaidi ya hayo tangu wakati huo, mengine nimeyatoa mwenyewe gulioni kwa sauti, lakini lile lilinikaa kwa sababu alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Tangu siku hiyo nilimchukia. Sitafuti neno jingine la heshima.

Sasa ni lazima nieleze jambo la minyororo, kwa kuwa ndilo jambo lenyewe. Kile kichanja kilikuwa na mambo mawili yanayogombana ndani yake. Boma likitaka kuvunja mawimbi lazima litulie. Mikono ikitaka kutoa umeme lazima icheze. Ukilegeza minyororo sana, boma na mikono vinapanda wimbi pamoja kama jani, hakuna kinachocheza dhidi ya kingine, na taa haiwaki. Ukikaza, boma linasimama imara, mikono inapigwa vizuri, taa inawaka, lakini minyororo ndiyo inayobeba uzito wote na haisamehi. Nanga zetu zilikuwa matairi ya lori tuliyoyajaza zege. Kwa miezi miwili taa ilifumbafumba tu kama jicho lenye mchanga. Mwezi wa kumi Nassoro akaamua kukata minyororo iwe mifupi. Alisema baharini asingeweza, maana maji yanapwa na kujaa kila siku, lakini ziwa halipwi wala halijai, basi tukaze tu. Mzee Petro alikubali kwa moyo mmoja. "Hata mzinga ukiyumba nyuki wanahama," alisema. Alikuwa mtu wa vichaka vya Itigi. Habari za ziwa alizijua kama mimi ninavyozijua habari za bahari.

Lakini mimi nilikulia upande wa pili wa ziwa lile. Siku ya kupima kina nilikuwa nimesimama kwenye maji pamoja nao, na mbele yetu yalikuwa yale mawe makubwa ya Singida, na kwenye mawe kulikuwa na mstari mweupe ulionyooka, juu ya maji kwa kiasi cha kifua cha mtu mzima. Ile ni chumvi. Ni mahali ziwa linapofika mvua zikikolea, na kila mtoto wa upande wetu anaujua, kwa sababu ndio unaokuonyesha mahali pa kutoacha nguo zako. Nikasema, "Injinia, na ule mstari pale kwenye mawe?" Hata hakugeuka. "Mavi ya ndege," alisema. Nikasema, "Lakini maji..." Akanikatiza. "Fundi, ya maji niachie mimi. Ukimaliza kukagua mavi ya ndege niletee spana." Vibarua wakacheka mpaka mmoja akakalia maji. Nikampelekea spana. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu mimi, kilichoniponza ni kuufunga.

Nitampa haki yake katika jambo moja. Siku tuliyokaza ile minyororo mifupi, upepo wa alasiri ulikuja, mikono kumi na miwili ikaanza kupanda na kushuka, mmoja baada ya mwingine, kama akina mama wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu, na taa ikawaka. Haikufumba. Ikawaka kweupe mchana wa jua, na nyuma ya boma maji yalikuwa yametulia kama maji ya kunawa kwenye bakuli, huku mbele yake yanatukana. Mzee Petro alivua kofia. Nassoro alinishika bega, akasema, "Unaona? Unaona?" nami niliona, na nilifurahi, na nikachukia kwamba furaha yangu ya kwanza ya namna ile nilipaswa kuigawana na yeye. Wageni waliotakiwa kuja kukagua na kuamua kama chombo kitashuka pwani walikuwa waje mwezi wa kumi na moja. Wangekuja wakati ule, hadithi hii ingekuwa nyingine. Wakaahirisha hadi Februari.

Januari, mvua zikiwa zimeshaanza, Nassoro aliingia ghalani mchana mmoja akiwa amebeba hotipoti yeye mwenyewe. Nilikuwa peke yangu. Akageuza pipa, akaketi, akafunua pilau, akasema, "Nawa, tule. Dada amepika kwa ajili yako pia." Tulikula sinia moja, kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akaniita kwa jina, si "Fundi". "Vero, wewe umekulia ziwani hapa. Kuna kitu chochote unachoona hakijakaa sawa? Niambie leo. Wale watu wakija sina nafasi ya pili." Nilitafuna. Niliuona ule mstari mweupe kama ninavyoiona kalamu hii. Niliona pia ghala lile lile, ukuta ule ule usiofika kwenye bati, na nikasikia punda. Ile pilau ilikuwa tamu sana, mchuzi umeingia mpaka kwenye punje. Nikasema, "Hakuna, Injinia." Akanitazama. "Hakuna kabisa?" Nikasema, "Hakuna." Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akanisogezea mnofu uliokuwa upande wake.

Nimejitetea kwa miaka mingi kuhusu neno lile, na najua utetezi wangu wote kwa moyo. Kwamba nilijaribu kumwambia akanitukana. Kwamba msomi ni yeye. Kwamba nilitaka alowe kidogo mbele ya wageni wake, sikutaka azame. Utetezi huo ungesimama kama mambo yangeishia pale. Nassoro alisafiri wiki mbili kuwafuata wageni, akaagiza minyororo isiguswe na mtu mpaka arudi. Mvua zikapiga. Ziwa likaanza kupanda mawe taratibu, kidole kwa kidole, bila kelele, na kichanja kilichotakiwa kupanda nalo kikashikwa chini na minyororo yake. Maji yakafika kwenye mbao, kisha yakapita juu yake. Mzee Petro alikuja mbio ghalani, viatu mkononi. "Vero, kitu kinazama kikiwa kizima! Tulegeze?" Nikamwambia, "Injinia alisema minyororo isiguswe." Mzee akanitazama usoni kwa muda. "Ndivyo alivyosema," nikarudia. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka mzima kumtii Nassoro bila kunung'unika.

Wageni walikuwa wanne na miavuli. Upepo wa kabla ya mvua ulikuja palepale waliposimama ukingoni. Boma lilikuwa limekaa chini mno, mawimbi hayakulivunjikia, yalilipanda tu na kuanguka upande wa pili, na mikono ilikuwa inapigwa kutoka juu, namna ambayo haikutengenezwa kupigwa. Mkono wa kwanza uling'oka, halafu wa tatu, halafu sikuhesabu. Mapipa mawili yalichomoka yakaenda zake kwenye matete. Taa haikuwaka hata mara moja. Mgeni mmoja aliandika kitu kwenye daftari, akalifunga. Nassoro alisimama suruali imelowa mpaka mapajani, midomo imekauka, akawaambia, "Maji yamepanda kwa namna isiyotarajiwa. Lakini viungo vilivyochomelewa vizuri vingehimili." Alisema hivyo nikiwa hatua tatu kutoka kwake. Hivyo ndivyo alivyoandika pia kwenye ripoti. Mji wetu ni mdogo. Kabla ya mavuno watu walikuwa wanapeleka mageti yao kwingine, na mtoto wa jirani alipokalia kiti changu cha chuma mama yake alimwinua. Nikauza mashine, nikahamia Issuna, nikauza alizeti gulioni. Yeye alihamia Tanga, akafundisha. Bahari sijaiona hadi leo.

Kiangazi kilichofuata, ziwa lilipoteremka, nilirudi ukingoni peke yangu. Fremu ilikuwa imelala kwenye matope, imepakwa chumvi. Nikakagua kiungo kwa kiungo. Niliposhika mimi hapakuachia hata mahali pamoja. Chuma kilichanika pembeni ya kazi yangu, na kazi yangu ilibaki nzima. Nikakata kipande kimoja kwa msumeno, urefu wa kiganja, nikaondoka nacho. Kimekuwa kikishikilia mlango wa jiko langu miaka yote hii. Kila anayekiona nimemweleza, na kila aliyeelezwa amesema Nassoro ni mtu mbaya, nami nimemkaribisha chai.

Kwa hiyo nilipokwenda msibani nilikitia kwenye mkoba. Nilikusudia kukiweka mbele ya ndugu zake, kwenye mkeka, na kusema maneno niliyoyanoa tangu ujana. Nyumba ilikuwa ileile, ghala limegeuzwa vyumba vya wapangaji. Nilijifunga kanga, nikaingia kwa wanawake. Bi Zuhura amezeeka sana, lakini alinijua kabla sijakaa. "Shikamoo dada. Poleni." "Marahaba, mdogo wangu. Tumeshapoa. Njoo huku karibu." Akanishika mkono usioshika mkoba. Akasema kwa sauti iliyosikika na wote, "Vero, Nassoro ameacha neno lako. Amesema nimuombee radhi kwako. Aliandika kazi yako ni mbovu, jina lako likaharibika, na aliona haya kuja kukutazama usoni."

Nilikuwa nimeshakishika kile chuma ndani ya mkoba. Nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya msibani, "Na kwa nini aliandika hivyo?"

"Hata mimi nilimuuliza," alisema. "Akaniambia, 'Dada, ningeandika nini? Ziwa lilipanda kupita kiasi. Ingekuwa ni kawaida yake kupanda vile, Vero angeniambia. Nilimfuata nikamuuliza kwa mdomo wangu, akasema hakuna. Sasa kama si maji ni nini, si chuma?' Ndivyo alivyoamini mpaka mwisho. Akasema yule binti alikuwa na ulimi mkali, lakini mwongo hakuwa."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Haki ya Mungu." Nje wanaume walikuwa wanapanga safu kwa ajili ya kumswalia. Nilijaribu kuitafuta hasira yangu niliyoizoea, nikaikuta, na haikuwa na mahali pa kukaa. Alikuwa ameniita punda, ndiyo. Na alikuwa amelala na neno langu moja kwa miaka yote ile, akiliamini kuliko alivyoamini macho yake kwenye mawe.

"Msamehe, Vero," Bi Zuhura akasema.

"Nimemsamehe."

"Na kama una lolote moyoni, liseme sasa hivi, kabla hawajamtoa. Asiende na lako."

Kipande cha chuma kilikuwa kizito mkobani. Wanawake wote walikuwa wananitazama kwa huruma, mimi, niliyedhulumiwa.

"Hakuna, dada."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna," nikasema. Wakaleta sinia ya pilau, nikanawa, nikala pamoja nao.